Sufuria Iliyozaa: Tafakuri juu ya Utapeli na Akiba za Wanyonge

Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tumeiandikia insha katika mitihani, na sasa tulio katika masomo ya uzamili tunaichanganua kwa nadharia mbalimbali. Kila panapozuka habari kwamba watu wametapeliwa akiba zao, ndiyo hutangulia vinywani mwa watu, kana kwamba ni hukumu iliyokwisha kuandikwa na inasubiri kusomwa tu. Aliyeibiwa huambiwa kwamba alikuwa na tamaa, aliyeiba husahaulika. Nia yangu katika makala haya ni kuipinga hukumu hiyo. Naamini kwamba tapeli hula imani ya watu zaidi kuliko tamaa yao, na kwamba chambo chake cha kwanza ni lugha. Ikiwa hivyo ndivyo, basi sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tuna la kusema katika jambo ambalo kwa muda mrefu tumewaachia wahasibu na polisi.

Nimekulia Kamere, kitongoji kilicho kusini mwa Ziwa Naivasha, kando ya barabara ya Moi South Lake, si mbali na Mbuga ya Hell's Gate. Wasomaji wengi hulijua eneo hilo kwa mashamba yake ya maua, hasa majuma yanayotangulia tarehe 14 Februari, wakati ambapo waridi za Naivasha husafirishwa Ulaya usiku na mchana. Wengine hulijua kwa ufuo wake wa wavuvi. Mimi nalijua kwa ploti zake, yaani zile safu za vyumba vya kukodisha vinavyotazamana, mlango kwa mlango, na mfereji mmoja wa maji katikati. Katika ploti moja ya vyumba kumi waweza kusikia lugha tano za mama, lakini deni hudaiwa, mtoto hukanywa na chama huendeshwa kwa Kiswahili. Watu wa Kamere wametoka pande zote za nchi kutafuta kazi. Aliyefika pale hakuja na shangazi wala mjomba wa kumkopesha siku ya shida. Jirani ndiye aliyekuwa ukoo wake.

Kwa sababu hiyo vyama vya akina mama vilistawi. Mama yangu, aliyekuwa akifunga maua katika chumba cha kupakia cha shamba moja, alikuwa katika merigo ya wanawake kumi. Kila mwisho wa mwezi walikutana, wakachanga, na mmoja akabeba mchango wote. Hapakuwa na mkataba wala mwanasheria. Daftari lilikuwa moja, lenye majalada yaliyochakaa, na dhamana ilikuwa uso wa mtu: ungewezaje kumdhulumu mwenzako halafu mkutane naye asubuhi mfereji mmoja? Ndugu msomaji, naomba ulishike jambo hili, kwa maana ndilo msingi wa yote nitakayosema. Kuaminiana kwa watu hawa hakukuwa ujinga. Kulikuwa mtaji, tena mtaji wa pekee walioumiliki wasio na shamba wala hati ya nyumba.

Katika miaka ya 2006 na 2007 Kenya ilikumbwa na wimbi la biashara za piramidi. Jopokazi la serikali lililoongozwa na Francis Nyenze lilipochunguza mambo hayo baadaye, lilibaini kwamba watu zaidi ya 148,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Takwimu kama hizi zina udhaifu mmoja, nao ni kwamba hazina sauti. Mmoja miongoni mwa maelfu hao alikuwa mama.

Kampuni iliyomchukulia fedha sitaitaja. Ilikuwa na ofisi mjini Naivasha, kwenye ghorofa, yenye viti vya kuzunguka na picha ya tai ukutani. Mama alipelekwa huko na mwanachama mwenzake wa merigo ambaye naye alikuwa amepelekwa na jirani yake. Aliweka shilingi 3,000 kwanza. Baada ya mwezi mmoja alirudishiwa fedha zake zikiwa na nyongeza, akahesabiwa noti mkononi mbele ya watu. Hapo akaweka shilingi 18,000, karibu mishahara yake ya miezi minne, fedha alizokuwa akidunduliza ili kununua mabati ya nyumba. Aliwapeleka pia majirani wawili, mmoja akaweka shilingi 6,000 na mwingine 4,000. Fomu waliyotia sahihi ilikuwa ya Kiingereza. Kati yao watatu hakuna aliyeisoma, na karani hakujisumbua kuwafasiria. Mwezi uliofuata walipokwenda walikuta kufuli mlangoni na umati wa watu wakitazamana.

Nilikuwa darasa la tatu. Sikumbuki kilio. Nakumbuka ukimya, na nakumbuka kwamba kwa muda mrefu mama aliamka mapema kuliko wenzake ili ateke maji kabla ya watu kutoka nje. Hakuna aliyemdai. Hata hivyo alijiwekea deni la zile shilingi 10,000 za majirani na akalilipa kwa miezi ishirini, shilingi 500 kila mwezi. Jirani mmoja alihama baada ya machafuko ya Januari 2008 yaliyoitikisa Naivasha, na sehemu yake iliyobaki alitumiwa kwa M-Pesa, huduma iliyokuwa bado changa, kwani ilizinduliwa mwezi Machi 2007. Sasa niambieni, wenzangu: mtu anayelipa deni ambalo hakulikopa, methali ya tamaa inamhusu vipi?

Nilipofika chuoni na kuzisoma upya hekaya za Abunuwasi, nilikutana na kisa ambacho sote tumekicheka. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani yake. Alipoirudisha, ndani yake mlikuwa na kisufuria kidogo. Jirani akashangaa, akaambiwa kwamba sufuria ilikuwa na mimba na imezaa. Jirani akafurahi, akapokea vyote viwili. Siku nyingine Abunuwasi akaazima tena, lakini safari hii hakurudisha kitu. Alipoulizwa akajibu kwa majonzi kwamba sufuria imefariki. Jirani alipopinga, akaulizwa: uliyekubali kwamba sufuria huzaa, mbona unakataa kwamba hufa?

Darasani kicheko huwa upande wa Abunuwasi, na fundisho huwa dhidi ya jirani. Mimi nimejikuta nikimfikiria jirani. Aliazimisha chombo chake kwa wema, kama majirani wote wafanyavyo. Alichokosea ni kutouliza swali moja siku ya furaha: kisufuria hiki kimetoka wapi? Swali hilo ndilo siri yote ya biashara za piramidi. Abunuwasi alitoa kisufuria chake mwenyewe ili apate sufuria. Tapeli wa siku hizi ni mjanja zaidi, kwani kisufuria anachokupa wewe amekitoa kwenye sufuria ya jirani yako wa pili. Zile noti alizohesabiwa mama mwezi wa kwanza zilikuwa jasho la mwanamke mwingine aliyefika ofisini nyuma yake.

Mbinu hiyo ina jina la mtu. Mwaka 1920, katika jiji la Boston nchini Marekani, Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 katika siku 45, akidai kwamba anafanya biashara ya vocha za stempu za posta. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata, hadi waliofuata walipopungua. Tuifanye hesabu wenyewe. Chukua mtu mmoja anayetakiwa kuleta watano, na kila mmoja wa watano hao alete watano wengine. Hatua ya tatu huhitaji watu 125, ya tano watu 3,125, ya nane watu 390,625. Hatua ya kumi na moja huhitaji watu 48,828,125, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296 katika Kenya nzima, wakiwemo watoto wachanga. Piramidi haivunjiki kwa bahati mbaya wala kwa sababu serikali imeiingilia. Imeundwa ivunjike, na aliyeiunda anajua kwamba wengi watakuwa chini wakati wa kuvunjika.

Hata hivyo, hesabu hii ni rahisi kiasi kwamba mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kuikokotoa. Kwa nini basi watu wazima hawaikokotoi? Hapa ndipo lugha inapoingia. Mnamo mwaka 2007 iliingia Tanzania kampuni iliyojulikana kama DECI, iliyowavuta maelfu ya watu hadi ilipozimwa na serikali mwaka 2009. Mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, jijini Dar es Salaam, iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake, ambao walikuwa wachungaji. Wanachama wa DECI hawakusema kwamba wanaweka fedha. Walisema wanapanda mbegu. Hawakusema wanalipwa, walisema wanavuna. Mtazameni fundi aliyeuchagua msamiati huo! Nani katika Afrika Mashariki asiyejua kwamba punje moja ya mahindi huzaa gunzi zima? Neno mbegu limebeba ukweli wa shamba na wa mimbari kwa pamoja, na likishatamkwa, swali la udongo husahaulika. Mbegu ya kweli hupandwa mahali. Ya DECI ilipandwa wapi?

Neno upatu nalo lilipata msiba wake. Miongoni mwa maana zake ni ule mchezo wa watu wanaojuana kuchanga fedha na kupeana kwa zamu, sawa na merigo ya mama. Lakini magazeti yalipoitaja DECI, yaliita upatu pia. Kwa hiyo jambo jema lenye asili yake miongoni mwa wanyonge na uovu unaoliiga yakaitwa jina moja. Nchini Kenya matapeli wameyateka maneno chama, familia na kuinuana kwa namna iyo hiyo. Hata methali zetu zimetumikishwa. Mkono mmoja haulei mwana, waliwaambia watu, na kidole kimoja hakivunji chawa. Penye wengi hapaharibiki neno, watu wakajijibu wenyewe walipoiona foleni ndefu mlangoni. Katika piramidi methali hii ya mwisho ni hatari tupu, kwa sababu wingi wa watu ndio dalili kwamba mwisho umekaribia.

Kwa mtazamo huu, utapeli ni sanaa ya masimulizi yenye fanani, hadhira na taharuki. Simu za mkononi zimemwongezea fanani huyo majukwaa, lakini fani ni ile ile. Upo ujumbe wa pole: nimekutumia fedha kimakosa, naomba unirudishie, ni za hospitali. Upo wa hongera: umeshinda zawadi, tuma ada ndogo upokee. Upo wa mamlaka: laini yako itafungwa, taja namba yako ya siri. Upo wa kazi ya ng'ambo, unaodai malipo ya matibabu na viza kabla hujamwona mwajiri. Tena tusidhani kwamba elimu ni kinga. Mwanzoni mwa mwaka 2022 ilizimika programu ya simu iliyojiita Amazon Web Worker Africa, ambayo haikuwa na uhusiano wowote na kampuni maarufu ya Marekani iliyolikopa jina lake. Miongoni mwa waliolia walikuwamo vijana wengi waliosoma.

Ukizichambua matini hizi kama tunavyochambua hadithi fupi, utaona sifa tatu zinazojirudia. Kwanza, muda umebanwa: leo tu, kabla ya saa kumi, nafasi zimebaki chache. Msimulizi hataki upate nafasi ya kuwaza. Pili, hadhira imetengwa: usimwambie mtu, usikate simu, hii ni siri yetu. Tatu, chanzo cha mali hakionekani. Utaelezwa kwa kirefu utakavyotajirika, na juu ya namna fedha zinavyozalishwa utapewa neno moja lisilo na mwili, kama vile forex, dijitali au uwekezaji. Zikikutana sifa hizi tatu, tambua kwamba unasimuliwa.

Basi mtu mwenye kipato kidogo ailinde vipi akiba yake? Jibu la kutomwamini mtu yeyote halifai. Kamere isingekalika bila kuaminiana. Nionavyo mimi, dawa ni kuligeuza swali liwe sehemu ya adabu zetu, ili anayeuliza asionekane mchawi wa maendeleo ya wenzake.

Swali la kwanza ni lile la kisufuria: faida inatoka wapi? Nani ananunua, na ananunua nini? Pawepo na kipimo. Serikali ya Kenya ilipouza hati za M-Akiba kwa wananchi mwaka 2017, kwa kuanzia shilingi 3,000, iliahidi riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Anayeahidi asilimia kama hiyo kwa mwezi, au kwa juma, ana wajibu wa kueleza anachojua ambacho Hazina ya Taifa haikijui. Na ikiwa malipo yako yanategemea idadi ya watu utakaowaleta, usisubiri maelezo zaidi.

Swali la pili: ni nani aliyekupa kibali cha kupokea amana? Cheti cha kusajili kampuni au kikundi hakimpi mtu ruhusa ya kupokea akiba za umma, ijapokuwa matapeli hupenda kukitundika ukutani. Benki hupewa leseni na Benki Kuu ya Kenya. Vyama vya ushirika vya akiba na mikopo vinavyopokea amana husimamiwa na mamlaka ya SASRA, ambayo hutangaza orodha yake kila mwaka. Kampuni za uwekezaji huidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na mawakala wa kazi za ng'ambo husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Aidha, fedha zilizo benki hulindwa na shirika la bima ya amana hadi shilingi 500,000 kwa kila mweka akiba katika kila benki. Kinga ya namna hiyo haimfuati aliyeweka fedha zake kwenye ghorofa ya picha ya tai.

Swali la tatu linahusu simu: ni nani hasa anayezungumza nami? Kampuni ya Safaricom imekwisha kuutangazia umma kwamba huwapigia wateja wake kwa namba moja tu, 0722 000 000, na namba za matapeli hupokelewa kwa ujumbe mfupi unaotumwa 333. Anayedai kwamba ametuma fedha kimakosa ana njia yake ya kuzirejesha kupitia mtandao wenyewe, kwa kuupeleka ujumbe wa muamala huo kwa 456. Kwa hiyo mpokeaji halazimiki kumtumia chochote. Atazame kwanza salio lake, si maneno ya ujumbe. Namba ya siri nayo haina mtu anayestahiki kuijua, awe mfanyakazi wa benki, wakala au mtoto mpendwa.

Chama cha mama kingali hai, na kimejitungia kanuni ambayo sijaiona katika kitabu chochote. Wanasema fedha lazima zilale. Hakuna pendekezo la kutoa akiba linaloamuliwa siku lilipoletwa. Hungojea mkutano unaofuata, na katika muda huo kila mwanachama ana ruhusa ya kuuliza kokote anakotaka. Anayeleta habari za faida kubwa hutakiwa aje na karatasi, na karatasi husomwa kwa sauti, kwa Kiswahili, neno kwa neno. Nimepewa kazi hiyo mara kadhaa wakati wa likizo. Mara moja nilifikia kifungu kilichosema kwamba kampuni haitawajibika kwa hasara yoyote itakayowapata wanachama. Nilipokifasiri, wanawake wale walitazamana, na mwenyekiti akaniambia, "Ikunje tu, mwanangu. Tumesikia."

Kisa hicho kimenifanya niitazame upya kazi yetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Pamoja na hayo, mwananchi wa kawaida bado hupewa fomu ya mkopo na mkataba wa kiwanja katika lugha ambayo hatumii kufikiri juu ya fedha zake. Tumeandika tasnifu nyingi juu ya fasili za fasihi, na ni vyema. Lakini ni wangapi kati yetu wamekaa na chama kimoja cha akina mama na kuwafasiria fomu moja? Ni istilahi ngapi za amana, dhamana, gawio na hisa tumezieleza kwa namna ambayo mfunga maua ataielewa akiwa amechoka jioni? Pengo hilo analiona tapeli kabla yetu, na analijaza kwa Kiswahili kitamu mno.

Napendekeza basi kwamba chama chetu cha wanafunzi kianze na jambo dogo. Wakati wa likizo, kila mwanachama aende kwao na achukue mkataba mmoja au fomu moja ya kifedha ambayo watu wa huko hutiliwa mbele. Aifasiri kwa Kiswahili chepesi, aisome mbele yao, kisha alete nakala muhula utakapofunguliwa ili wahadhiri wetu waikague. Tukikusanya fomu ishirini tutakuwa na kijitabu. Pia tuanze kuwasikiliza waliotapeliwa bila kuwatupia methali, kwa sababu mwenye haya hanyanyui mdomo kumwonya jirani, na ukimya wake ndio unaompa tapeli nafasi ya kuhamia ploti inayofuata. Wahenga hao hao waliotuachia methali ya tamaa walituachia pia kwamba kuuliza si ujinga. Hiyo ya pili ndiyo ningependa wanafunzi wetu wa sekondari waandikiwe ubaoni.